Mama Mwenye Ndonya

Mwaka 1997 mvua za El Nino zilitukuta juu ya uwanda wa Makonde, wilayani Newala, korosho nyingi zikiwa bado chini ya mikorosho. Desemba kwetu ni mwezi wa pesa. Korosho huokotwa, huanikwa, huuzwa, na fedha yake ndiyo inayonunua nguo za sikukuu za watoto na mchele wa pilau. Mwaka ule zilinyeshewa kabla hazijakauka, zikaota ukungu ndani ya magunia, na wanunuzi wakawa wanazitazama tu na kuondoka. Tulichopata kwa wingi ni maji. Newala ni nchi ya kiu. Mama zetu walizoea kushuka mteremko mrefu hadi bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Mwezi ule kila pipa na kila mtungi ulijaa chini ya mchirizi wa bati, na Bibi, ambaye maisha yake yote alipima maji kwa kata, alikuwa akikaa barazani anayaangalia yakimwagika, anacheka peke yake.

Baba alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Krismasi ndiyo iliyokuwa ikimrudisha nyumbani, na safari ile alikuwa na mzigo wa kigango kizima, yaani waumini wote wa kanisa letu dogo la kijijini. Sanamu za pango la Krismasi, la kuonyesha kuzaliwa kwa Yesu, zilizoachwa na wamisionari zilikuwa za plasta, zimevunjikavunjika kwa miaka mingi hadi Yosefu akabaki bila mikono. Waumini walichanga fedha tangu msimu wa korosho uliotangulia, wakamkabidhi Baba anunue nyingine mjini.

Daraja la Mkapa halikuwepo wakati huo. Lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la rais wa wakati huo, Benjamin Mkapa, ambaye naye alikuwa mtoto wa kusini, mzaliwa wa Lupaso kule Masasi. Kabla ya hapo, mtu wa kusini aliuvuka mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na mvua ikizidi barabara ya pande zote mbili iligeuka tope la kumeza magurudumu. Katikati ya Desemba utingo wa lori moja lililobahatika kupita alituletea habari: Baba amekwama ng'ambo ya Rufiji pamoja na sanduku, magari yamepanga foleni, watu wanapika kando ya barabara.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, tulibaki chini ya mkrismasi ulio mbele ya kanisa. Watu wa bara wakisikia mti wa Krismasi hufikiria tawi la msaiprasi lililopambwa kwa pamba. Wetu ni ule mti mpana wa kivuli unaowaka maua mekundu mwezi wa Desemba, na mwaka ule mvua ilikuwa imeyaangusha maua hata ardhi yote ikawa nyekundu. Mwalimu, yaani katekista wetu, alieleza hali ilivyo. Wengine walisema tutoe zile sanamu za zamani hivyo hivyo. Mmoja akasema tuache tu, mwaka mbaya hauhitaji mapambo.

Mjomba wangu hakuwa msemaji. Alikuwa mchongaji, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyevuka mto na Bibi wakati wa vita vya Msumbiji dhidi ya Wareno, na usoni alikuwa na zile chale za zamani zilizopangwa mashavuni na kwenye paji la uso. Alisimama akasema, "Nyumbani kwangu lipo gogo." Akaketi.

Sisi wa nyumbani tulilijua gogo lile. Lilikuwa mpingo mnene, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, ambalo alikwisha kulianza kwa oda ya mfanyabiashara mmoja wa vinyago. Lingemlipa, tena katika mwaka ambao korosho hazilipi. Mama alimtazama kaka yake muda mrefu, kisha akainama kuokota maua yaliyoanguka, akayakusanya kwenye kanga bila kusema neno.

Gogo lenyewe lilikusudiwa kuwa ujamaa. Ni mtindo wa kuchonga watu wengi katika gogo moja, wamepandana na kushikana, mmoja amemkanyaga mwenzake begani, na hakuna aliyeungwa kwa gundi wala msumari. Anayetajwa kuwa ndiye aliyeuanzisha ni Yakobo Sangwani, naye alitoka ng'ambo ya Ruvuma kama sisi. Mjomba alikuwa amekwisha kuwatoa watu wa juu. Chini gogo lilikuwa bado zima, na hapo ndipo alipochora kwa mkaa mwanamke amesimama na mtoto.

Bibi akapita na jiko lake, akasimama.

"Huyu ndiye Maria?"

"Ndiye, Mama."

"Amejifungua lini?"

"Usiku huo huo."

"Mzazi hasimamishwi. Mkalishe."

Mjomba alifuta mkaa kwa kiganja, akachora upya. Maria akaketi, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyoketi mama zetu mkekani, na watu wote wa gogo lile wakawa wanainuka kutoka mgongoni na mabegani kwake. Mpaka leo naamini kinyago kile kilipata uhai wake katika maneno yale ya Bibi.

Shule zilikuwa zimefungwa, nami nikawa mshika gogo. "Mpwa wangu, kaza hapo," alikuwa akiniambia, na tezo ikishuka nilisikia mtetemo hadi kwenye meno. Mpingo hauchongeki kwa haraka. Ni mgumu hata tezo ilibidi inolewe mara kwa mara, na unga wake mweusi unaingia puani na kwenye mistari ya viganja. Alianza kwa tezo, akaingia na patasi, kisha tupa, na msasa ukawa wa mwisho. Sehemu ya ndani ya mpingo ni nyeusi, lakini chini ya gome kuna tabaka jembamba jeupe, ambalo wachongaji wengi hulitoa lote. Mjomba alilibakiza mahali pamoja. Alimzungusha mtoto kwenye weupe ule, hivyo kichwa na mkono mmoja vikawa vyeusi, na nguo aliyofungiwa ikawa nyeupe bila tone la rangi.

Kazi nyingine ilikwenda nyumba kwa nyumba. Kwa Wamakonde wanaume huchonga, wanawake hufinyanga. Bibi na wenzake walifinyanga mifugo, na kwa kuwa kwetu kondoo ni nadra, walitengeneza mbuzi wenye pembe, ng'ombe mmoja, na kuku na vifaranga vyake, maana Bibi alisema zizi lisilo na kuku si la watu wanaoishi. Vyungu huchomwa nje kwenye moto wa wazi, lakini mvua haikutoa nafasi. Wakachomea jikoni, kidogo kidogo kwenye mafiga, mlango umefungwa, na tulikuwa tukitoka mle macho yametuiva kwa moshi. Mbuzi wawili walipasuka. Shangazi akafumua mto wake wa kulalia, akatoa sufi, tukaibandika kwenye migongo ya wale wadogo kwa gundi ya uji wa muhogo, wakawa kondoo.

Wavulana tulipasua mianzi na kuifunga kwa kamba za mgomba hadi ikawa nyota yenye ncha tano. Ndani tukaiwamba kwa karatasi za fedha za pakiti za sigara, zilizokusanywa kwa muda mrefu na wazee ambao hata kanisani hawakuwa wakija. Wasichana walisuka ukili, wakashona mkeka mdogo wa kumlalia mtoto. Pango tulilijenga kama dungu la shambani, lile tunalolalia tukilinda mahindi dhidi ya nguruwe: nguzo nne, paa la nyasi, ngazi ya vijiti.

Mabishano yalikuwa moja tu, na yalikuwa mazito. Mwalimu alipokuja kuitazama kazi, siku mbili kabla ya sikukuu, alimkuta Maria amekamilika uso. Mdomoni mwake, kwenye mdomo wa juu, palikuwa na ndonya.

Wasomaji wa sasa huenda hawajamwona mwanamke mwenye ndonya. Ni kipande cha mti cha duara kilichovaliwa katika tundu la mdomo wa juu, na katika ujana wa Bibi binti wa Kimakonde bila ndonya hakuhesabiwa kuwa amekamilika. Bibi alikuwa nayo. Mjini watoto walikuwa wakimfuata nyuma kumshangaa, na ndiyo sababu aliacha kwenda mjini.

Mwalimu aliuliza kwa upole, "Mzee, hili litakubalika kweli? Mama wa Mungu na ndonya?"

Mjomba aliendelea kusugua msasa. "Mwalimu, nimemchonga mama. Mama ninayemjua mimi ni mmoja."

Mwalimu alinyamaza. Alizunguka gogo lote, akawatazama watu waliokuwa wakipanda: mwanamke na mtungi, mzee na jembe, mtoto amekumbatia jogoo, na mwanamume mwenye kofia ya kiua ambaye kila mtu alimtambua kuwa ni fundi baiskeli, jirani yetu Mwislamu. Kisha akaondoa viatu, akakaa mkekani mbele ya Maria, akakaa kwa muda. Alipoondoka alisema tu kwamba atatuma vijana wanne wa kulibeba.

Kulipa hatukuwa na fedha. Kila kaya ilimletea Mjomba kibaba cha korosho, zile chache zilizopona ukungu, zikajaza gunia lisilofika nusu. Alizipokea kwa mikono miwili kila mara, hata kwa mtoto.

Usiku wa mkesha tulivuka tope na mienge na karabai moja, kinyago kimefunikwa turubai, mabegani mwa vijana. Mvua ilipungua ikawa manyunyu. Ngoma zilitangulia, na akina mama wakapiga vigelegele tangu njia panda hadi mlangoni. Padri alifika asubuhi ya Krismasi kwa miguu, kwa kuwa pikipiki ilizama njiani, suruali ameikunja hadi magotini. Aliingia, akalitazama dungu, akawatazama mbuzi na kuku, akamtazama Maria. Hakuuliza lolote. Alichukua chetezo akafukizia ubani, na alipomaliza alikwenda mahali Bibi alipoketi, akainama, akamwamkia, "Shikamoo, Mama," mbele ya watu wote.

Bibi alisubiri hadi misa iishe na kanisa lipungue ndipo akanishika mkono nimpeleke mbele. Aligusa mdomo wa kinyago kwa kidole, halafu mdomo wake. Nilimsikia akizungumza Kimakonde kwa sauti ya chini, maneno ya kumpongeza mzazi, yale yale anayoambiwa jirani aliyejifungua. Sijawahi kuona sala iliyo safi kuliko ile.

Tulikula chini ya mkrismasi, mvua ikiwa imetupa nafasi. Mbuzi alichinjwa na fundi baiskeli, ndivyo ilivyo desturi yetu, ili kila mtu wa kijiji aweze kula, na Ramadhani ilikuwa inakaribia, kwa hiyo Waislamu walisema wanaaga mchana. Mchele haukutosha, pilau likawa la wazee na wagonjwa. Sisi tulikula ugali wa muhogo kwa mchuzi wa mbuzi, na maembe hadi tumbo likauma. Hakuna mtoto aliyekuwa na nguo mpya. Mama alitushonea mimi na wadogo zangu mashati ya kanga moja, na maandishi ya kanga yakaangukia mgongoni mwangu nusu, nusu kwa mdogo wangu, ikawa lazima tusimame pamoja ili mtu asome.

Siku hizi naona Kariakoo miti ya plastiki yenye theluji ya kupuliza, inauzwa ghali kuliko mbuzi. Simlaumu anayenunua. Lakini wanangu nimewafundisha kupasua mwanzi na kupika gundi ya muhogo, na kila Desemba sebule yangu inachafuka vizuri.

Baba alifika siku chache baadaye, mwandamo wa Ramadhani umekwisha kuonekana, amekonda, na sanduku kichwani. Sanamu za plasta zilikuwa nzima zote. Zilikuwa nzuri, nyuso zimepakwa rangi, nguo za buluu. Kigango kilikaa tena kikao, na uamuzi haukuchukua muda: zipelekwe kigango cha jirani ambacho hakikuwahi kuwa na sanamu yoyote. Baba mwenyewe alizipeleka, na alikaribishwa kwa ngoma.

Lakini kabla ya hapo alilala siku nzima, akaamka jioni, akaenda kusimama nyuma ya Mjomba aliyekuwa ukumbini amejiinamia. Tokeo la Bwana lilikuwa limekaribia na Mamajusi hawakuwa tayari; alikuwa akiwachonga kwenye mabaki ya mpingo, pamoja na ngamia ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona.

"Shemeji," Baba alisema, "ngamia niliwaona bandarini, wanapakiwa melini. Shingo yake si hivyo. Inashuka kwanza, halafu ndiyo inapanda."

Mjomba akamsogezea kigoda na kipande cha msasa. "Kaa hapa," akasema, "unionyeshe."