Ule mugumo wa Westlands na mti wetu wa steji

Kama wewe hupitia Waiyaki Way basi unaujua ule mugumo wa Westlands hapa Nairobi, mti wa jamii ya mkuyu, ule mkubwa, urefu wake kama ghorofa nne hivi na umri wanasema unacheza hapo kwa miaka mia moja. Mimi niliupita miaka mingi na matatu bila kuuona, na najua siko peke yangu, jam iko mbele, makanga anadai pesa, nani ataangalia mti? Tulianza kuuangalia 2020 tuliposikia unaondoka.

Hio ilikuwa stori ya ekspresiwei, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, na mugumo ulikuwa umesimama njiani. Mpango ati ung'olewe upelekwe kwingine. Sasa mimi nishaona friji ikihamishwa kutoka Kayole hadi Rongai ikakataa kuwaka tena, sembuse mti wa ghorofa nne ambao mizizi yake imeshika mtaa mzima. Watu wakapiga kelele, wengine wakaenda kusimama hapo chini yake na mabango, na tarehe 11 Novemba mwaka huo Badi, mkuu wa NMS, ile ofisi iliyokuwa inasimamia huduma za jiji, akatangaza kwamba Rais Uhuru Kenyatta ameagiza mti usiguswe, na NMS wauchukue wautunze kwa niaba ya watu wa Nairobi. Ekspresiwei ikafunguliwa 2022, mti uko. Kichekesho ni kwamba 2022 hio hio NMS yenyewe ikafika mwisho, mlezi akaenda akamwacha mtoto.

Nimefikiria sana kwa nini huo ulipona na mingine mingi ya hio barabara ikaenda kimya kimya. Mugumo una wenyewe. Wazee wa Kikuyu waliomba chini yake, kuukata ni mwiko, hata Wangari Maathai alisimulia vile mamake alimkataza akiwa mtoto asiokote kuni za mugumo kwa sababu ni mti wa Mungu. Na kule Thika kuna hadithi ya Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Kikuyu wa zamani, ati alitabiri siku mugumo wa pale utaanguka ndio utawala wa mzungu utaisha, na uhuru ulipokuja 1963 mti wenyewe ulikuwa umeshaenda. Watu wa pwani nao wana mibuyu yao, wanakwambia ina majini, sisi wa bara tunacheka, lakini enda Mama Ngina pale Mombasa uone ni nani bado ana mibuyu. Mti ukiwa na jina na hadithi, mwenye msumeno anafikiria mara mbili.

Wetu wa steji haukuwa na hadithi.

Pale tunapongojea matatu asubuhi kulikuwa na mti mmoja mkubwa, na nakuapia hakuna mtu alijua unaitwaje. Tulisema tu "tupatane kwa mti". Chini yake kulikuwa na mama wa mayai na smokie, fundi wa viatu, na vijana wa bodaboda. Majani yake yakigeuzwa na upepo yalionyesha tumbo jeupe kama ya fedha, na kuna msimu ulikuwa unaangusha mbegu ngumu, zikigonga mabati ya kibanda, ko! mteja mgeni anaruka na chai mkononi wenyeji wanacheka. Huo ndio ulikuwa umaarufu wake wote.

Jumapili moja asubuhi watu wengi wakiwa kanisani wakaja jamaa na msumeno wa injini, ile inalia kama pikipiki imetolewa sailensa, na kufika saa sita ulikuwa vipande kwa pikapu. Kibali hatukuonyeshwa na hakuna aliyeuliza. Wiki iliyofuata tukaelewa, bango kubwa la matangazo lililokuwa nyuma ya matawi sasa linaonekana vizuri kabisa kutoka barabarani, kuna mwanamke anatabasamu na juisi. Mama wa mayai alinunua mwavuli.

Ndio nikamuuliza fundi wa viatu, "Mzee, kwani huu ulikuwa mti gani?" Akaniangalia vile unaangalia mtu ameuliza jina la mama yake. "Mukinduri," akasema, "miaka yote hio unakaa hapa hujui?" Nikachuchumaa kuhesabu duara za kisiki nikafika 61 zikaanza kuchanganyikana, nikamwambia kwa furaha umri nimepata, akaniambia wacha kujidanganya kijana, hapa kwetu mvua ni mbili kwa mwaka, mti hauandiki vile unadhani. Na yuko sawa, nilikuja kusoma baadaye, hizo duara hazisomeki vizuri kwa nchi kama yetu.

Tangu hio siku mimi na majirani wanne watano tumeanza kakitu. Si shirika, hatuna tisheti. Tunatembea Jumamosi, tukipata mti mkubwa tunapiga picha, tunauliza wazee unaitwaje na walikuta ukiwa vipi, tunapima unene wa shina kwa urefu wa kifua hivi, mita moja na sentimita 30 kutoka chini, alafu tunaweka yote kwa grupu ya WhatsApp na tarehe. Futi ya fundi cherehani ni mita moja na nusu peke yake kwa hivyo miti mikubwa inataka mtu wa kushikilia na kidole mahali imeishia. Ulio mnene kuliko yote kufikia sasa ni mugumo ulio nyuma ya soko, mita nne na sentimita 70, na hapo mizizi ile ya kuning'inia inakupa shida hujui shina linaanzia wapi. Mugumo ni mjanja, mbegu huachwa na ndege juu ya mti mwingine, mizizi inashuka polepole mpaka chini, mwisho mwenyeji anamezwa. Nairobi kabisa.

Msinielewe vibaya, jakaranda pia nazipenda, Oktoba mji ukiwa zambarau mimi pia napiga picha. Ila huo ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini na una mashabiki wa kutosha. Mukinduri nani atauposti?

Na kitu nimegundua, mti wa mjini hauuawi na msumeno peke yake. Kuna simiti inamwagwa mpaka kwa shina mti ukose maji, kuna takataka zinachomewa hapo hapo kwa mizizi, alafu misumari. Wiki jana huo mugumo wa soko tulitoa matangazo ya waganga, ya vyumba vya kupanga, ya mtu wa kutoa maji choo, na chini ya kila moja misumari minne mitano, mingine gome lishaimeza nusu tukaiacha. Tulitoa 43. Fundi wa viatu ndiye alileta koleo, akakaa kwa kistuli chake akiipokea moja moja, ile imepinda anainyoosha juu ya jiwe, ile imeoza anatupa.

"Hizi bado ziko sawa kabisa," akasema, akaziweka kwa mkebe wake wa kazi.