Kidole cha nne

Nilikuwa mwaka wa pili nasoma Korea Kusini, wikendi zote nashinda hosteli tu, ndo rafiki yangu mmoja wa darasani, Mkorea, akanambia twende Andong kuna kijiji kinaitwa Hahoe, mto Nakdong umejikunja umekizunguka karibu pande zote. Toka Seoul basi kama masaa matatu, mi nimelala mdomo wazi.

Pale kuna nyumba inaitwa Chunghyodang, ya ukoo wa Ryu. Babu yao mkubwa ni Ryu Seong-ryong, kama waziri mkuu hivi wakati Wajapani wanavamia 1592, na ndo alompendekeza Yi Sun-sin awe kamanda wa vita vya baharini. Uani kuna sehemu Malkia Elizabeth alipanda mti 1999, watu wanagombania kupiga picha. Na mi nilipiga, nisijifanye.

Ila nilichofuata mimi ni kile kijumba cha mababu, wanaita sadang. Kipo nyuma, kimeinuliwa kidogo, kina ukuta wake na geti lake. Na kufuli. Masaa matatu nimekuja kuangalia kufuli! Nikasimama kwa vidole nichungulie, nikaona vigae vyeusi vimeota majani, basi. Mara mzee mmoja kanikuta nimeng'ang'ania ukuta, nikajua leo nafukuzwa, nikainama mara tatu fasta fasta. Akacheka. Akaanza kutueleza, rafiki anatafsiri nusunusu, kwamba mle ndani wanaweka vibao vya majina ya marehemu, na mbao yake ni ya mti wa zile kokwa wanazochoma barabarani wakati wa baridi, bam, maana wanasema mti ukue mkubwa vipi ile kokwa ulipoanzia bado ipo kwenye mizizi. Wanawaandalia chakula mpaka kizazi cha nne, ukishapita hapo kibao kinaenda kuzikwa kaburini. Ila mtu wa fadhila kubwa kama huyo Ryu, chake hakitolewi milele.

Akauliza, na kwenu je? Nikajibu kwa mbwembwe kwetu wazee tunawaenzi sana, nikaanza kuhesabu kwa vidole, baba, babu, baba yake babu... kidole cha nne kikabaki hewani. Rafiki ananitolea macho anasubiri atafsiri nini.

Mchana tukala heotjesabap, chakula cha tambiko lakini tambiko lenyewe hakuna, wali na mboga unachanganya na soya, pilipili hamna. Huku natafuna namtumia mama meseji, babu yake babu aliitwa nani? Tiki za bluu, kimya. Mara simu.

"Mwanangu, umeota nini?"

Nikamwambia sijaota, niko mgahawani. Wapi! Kufika jioni keshawapigia mawifi zake wote kwamba mtoto kaoteshwa huko Korea, na kesho yake ikaja voisi noti ya shangazi mkubwa, jina kalitamka mara mbili, taratibu, kama anamtajia karani.