Chumba chenye wenyewe

Wiki hii nimeshinda ndani ya nyumba moja ya Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, ambayo kwa sasa haikaliki. Dari la msana, ukumbi mrefu unaoelekea uani, limeanguka, na mwenye nyumba, anayeishi Mombasa, anataka kuiona itakavyokuwa ikishakarabatiwa kabla hajawaita mafundi. Kwa hiyo naijenga kwenye kompyuta, chumba baada ya chumba, kwa vipimo nilivyovichukua mwenyewe.

Kuta zilisimama upesi. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, upana haufiki mita 3, maana boriti za mikoko haziwezi kubeba dari pana kuliko hapo. Ukilijua hilo, ramani inajipanga yenyewe: kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), halafu ndani, penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Boriti ndizo zilizonishika. Njia rahisi ni kuchora moja na kuinakili hadi dari ijae, lakini mkoko haukui hivyo. Kila mti una kipindo chake, na jicho lililolelewa chini ya dari hizi hugundua mara moja. Nimezichora moja moja.

Kabla sijaweka chombo chochote chumbani nilimfuata shangazi, aliyekulia kwenye nyumba ya namna hii. Sikumwuliza kuhusu mapambo. Nilimwuliza nani alikaa wapi, watoto walilala upande gani, msahafu uliwekwa wapi. Alijibu huku akinyoosha mikono hewani kana kwamba kuta zile zimemzunguka. Alipofika kwenye kidato cha kupandia msana wa yuu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapo pembeni, mwanangu, kila mtu alitia mkono. Bibi yako, sisi, wageni. Chokaa ya hapo ilikuwa laini kama shavu."

Neno lile limenipa kazi ya siku nzima, na ni kazi niliyoifurahia. Pembe ya ukuta kwenye kompyuta huzaliwa kali kama wembe, na hakuna kitu duniani chenye pembe ya namna hiyo, hata chokaa iliyopigwa jana. Kwanza niliivunja makali, pakubwa zaidi kwenye kimo cha kiganja. Kisha nikashughulikia ukwaru wa uso, yaani jinsi unavyoparuza. Watu wengi wakitaka kuonyesha ukuta ulioguswa huupaka weusi. Mimi nilibadilisha rangi kidogo sana na kupunguza ukwaru mahali pale pale, ili mwanga wa pembeni ukipita uache mng'ao hafifu. Chini yake, kwenye kimo cha mkono wa mtoto, nimeweka mng'ao mwingine mdogo zaidi. Sasa ukiitazama pembe ile unajua kwamba nyumba hii imelea watoto.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaonyunyiza mikwaruzo na madoa chumba kizima sawasawa wakidhani huo ndio uhalisia. Kila alama ninayoiweka nataka niweze kumtaja aliyeiacha. Chokaa iliyobambuka naiweka chini ya ukuta, kwa kuwa unyevu na chumvi hupanda kutoka ardhini. Masizi mepesi yako juu ya kidaka ambapo chetezo cha udi huwekwa. Misumari ina kutu, kwani upepo wa bahari hausamehe chuma. Sehemu ambayo hakuna aliyeigusa nimeiacha safi, na usafi huo ndio unaozipa alama nyingine nguvu.

Mwanga ndio ulionitoa jasho. Vichochoro vyetu ni vyembamba, madirisha ya nje ni machache, na mwangaza mwingi huingia kwa kiwanda. Jua hupiga sakafu, hudunda ukutani, huingia msana wa tini, hudunda tena hadi msana wa yuu, na likifika ndani limeshapungua na kulainika. Natumia Blender, programu ya bure ya kuchora picha za pande tatu, na Cycles, sehemu yake inayokokotoa mwanga, hufuata miale kwa njia hiyo hiyo. Lakini ukiiacha ilivyo, mwale ukigonga nyuso zisizong'aa hudunda mara 4 tu. Kwa sebule yenye dirisha kubwa zinatosha. Kwa chumba cha ndani cha Lamu mwale hufa njiani na pembe zinakuwa giza tupu. Nimeongeza midundo, nikakubali kungoja picha kwa muda mrefu zaidi, kuliko kuficha taa ya uongo nyuma ya mlango. Na chokaa sikuipa weupe kamili. Nimeiacha irudishe kama asilimia 80 ya mwanga, maana ukuta unaorudisha wote huua vivuli na chumba kinapoteza kina.

Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitengeneza sanduku lenye ukuta mmoja mwekundu na mwingine wa buluu, wakaonyesha kwamba kompyuta inaweza kukokotoa jinsi rangi ya ukuta mmoja inavyomwagikia vilivyo karibu nayo. Leo nimeliona hilo kwenye mkeka. Nilipoutandaza ule wenye ukili mwekundu, chokaa ya nyuma yake ilipata wekundu hafifu, na hapo hapo mkeka ukakaa chini kwelikweli. Kabla ya hapo ulikuwa unaelea.

Jua nalo lina mwezi wake. Lamu iko digrii 2 na kitu kusini ya ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini na kuangaza ukuta wa kusini wa kiwanda, na Disemba mambo hugeuka. Nimechagua Juni, wakati wa kusi. Msala nimeuelekeza karibu kaskazini moja kwa moja, ndiko kibla kiliko kutokea hapa. Mtu wa nje asingejua, lakini picha hii itatazamwa na watu wa hapa.

Vyombo ni vichache. Neti ya mbu imefungwa fundo juu ya kitanda, kwa kuwa ni mchana. Makubadhi mawili yako mlangoni, moja limegeuka kidogo kama linavyogeuka ukilivua ukiwa na haraka. Kuna marfaa ya kuwekea msahafu, kanga juu ya msumari, chupa ya chai, na chaja ya simu iliyozungushiwa tepu nyeusi karibu na kichwa. Kamera nimeishusha hadi kimo cha macho ya mtu aliyekaa mkekani.

Mwenye nyumba ameiona picha ya majaribio, ameipenda, ila ameomba niondoe chaja na waya wa feni ili chumba kionekane cha kale. Kuviondoa ni rahisi. Nimemwandikia nikimwomba aviache, kwa sababu anakarabati nyumba ili watoto wake waje kukaa, na watoto wake watakuja na simu. Bado hajajibu.