Picha ya Askari Inapofika Wete

Kijana wa Wete, Pemba, aliye na kikosi cha Tanzania mashariki mwa Kongo akimtumia mamake picha, picha hiyo haiishii kwa mama. Shangazi wa Chake ataiomba, mjomba wa Darajani ataiweka statasi na dua chini yake, na kabla ya maghribi imeshaingia makundi matatu ya WhatsApp ya watu wasiojuana. Kijana hakutaja kambi wala safari, kasema "niombeeni tu". Lakini tukitaja siri huwa tunafikiria maneno, na hapa aliyesema ni picha.

Itazame vizuri. Amesimama mbele ya hema, nyuma yake tangi la maji na mgongo wa kilima. Kilima hakihami. Mwenye ramani za satelaiti ataufananisha mstari wa kilima kile na vilima vya eneo zima mpaka aujue upande ilipopigwa. Kivuli cha nguzo ya hema, ukiijua tarehe, kinakaribia kukupa saa. Magari yanahesabika, na alama ya begani inataja kikosi.

Hayo ni ya machoni. Ndani ya faili kuna mengine: kamera iliyoruhusiwa lokesheni huandika humo latitudo na longitudo za mahali. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huifinya na kuyaondoa maandishi hayo. Ukiituma kama dokumenti ili isipoteze ubora, yanabaki yote. Kwa hivyo yule jamaa anayesema "nitumie orijino tukaiprinti" anaomba ramani ya kambi bila kujua. Dawa ni kuingia mipangilio ya kamera na kuzima lokesheni, na kazi hiyo ifanyike kabla ya kupiga. Baada ya kupiga, picha imeshabeba.

Na simu yenyewe, hata kitochi kisicho na intaneti, ikiwa imewashwa hujitambulisha kwa mnara bila ya kupiga wala kupokea. Laini mia za kigeni zikilala usiku mahali pamoja, anayeusikiliza mtandao hana haja ya kusikia neno hata moja.

Usiku wa mwaka mpya wa 2023, jengo walimolala askari wa Urusi pale Makiivka, Ukraine, lilipigwa makombora. Wizara yao ya ulinzi ilitaja vifo 89 na kusema sababu kuu ni askari kuwasha simu walizokatazwa. Katazo kweli lilikuwepo: tangu 2019 sheria yao inawazuia wanajeshi kubeba simu janja kazini. Lakini hata huko kwao watu waliuliza nani aliyewalaza askari wote hao jengo moja. Hapo ndipo ninapolishuku katazo la jumla. Simu haliziondoi, linazificha chini ya mto, na likiharibika jambo kamanda ana wa kumlaumu.

Marekani nao walipita njia hiyo. Mwaka 2007 kanuni ya jeshi lao la nchi kavu ilimtaka askari azungumze na mkubwa wake kabla ya kuandika blogu, na YouTube na MySpace zikafungwa kwenye mitandao ya wizara. Februari 2010 wakageuza: mitandao ya kijamii ikaruhusiwa, kamanda akabakishiwa uwezo wa kuifunga kwa muda inapobidi. Januari 2018 ramani ya Strava, programu ya simu ya kurekodi mazoezi, ilipoonesha njia za askari wanaofanya mazoezi kambini, hawakurudi kupiga marufuku kila kitu. Agosti mwaka huo walikataza huduma za lokesheni tu katika maeneo ya operesheni.

Kwetu, ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hivyo Pemba hakuna sheria yake peke yake. Askari anabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, na hata akivaa kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa, kosa lake la jinai linahukumiwa na nchi yake, si na mahakama za Kongo. Mjomba wa Darajani ni raia. Yeye anakutana na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika Bara na Zanzibar. Kifungu cha 16 kinataka taarifa iwe ya uongo na mtumaji awe na nia, kwa mfano ya kuupotosha umma; adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Picha ya kweli iliyotumwa kwa mapenzi haiguswi na kifungu hicho, ingawa ndiyo yenye madhara zaidi.

Pengo hilo faini haitaliziba. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 71, unasema mateka wa vita, barua zake zikibidi kupunguzwa, zisipungue 2 na kadi 4 kwa mwezi. Ikiwa mateka kahesabiwa hivyo, askari wetu naye apangiwe siku yake ya simu, mahali mbali na mahema, na jamaa mmoja anayejulikana kwa kikosi wa kupokea habari, hasa za msiba. Askari 15 wa Tanzania waliuawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, Desemba 2017. Msiba kama huo ukitokea na ofisi ikanyamaza, majina huzunguka kwenye simu, mengine ya watu walio hai.

Na ikiwa picha imeshatoka? "Futa kwa wote" ya WhatsApp inafanya kazi kama siku 2 na nusu, na ndani ya mazungumzo yale tu. Nakala zilizopelekwa kwingine haziguswi, wala zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye simu ya mtu. Statasi hukaa saa 24. Kwa hivyo wa kwanza kupigiwa ni mjomba.