Vali ya Aota: Katheta au Kufungua Kifua?

Tangu shangazi yangu aambiwe hapa Nairobi kwamba vali yake ya aota (mlango wa moyo unaopitisha damu kwenda mwilini) imekakamaa, jamaa wanauliza kwa nini asiwekewe mpya kwa katheta (mrija mwembamba) kupitia mshipa wa paja, bila kupasuliwa mfupa wa kidari. Swali hilo ni la haki. Katika utafiti wa PARTNER 3, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wagonjwa 1,000 wasio na hatari kubwa ya upasuaji, wenye wastani wa umri wa miaka 73, kifo, kiharusi au kulazwa tena viliwapata, katika mwaka wa kwanza, asilimia 8.5 ya waliowekewa vali kwa katheta na asilimia 15.1 ya waliopasuliwa. Hata hivyo, kufikia mwaka wa 5 pengo hilo lilikuwa limepungua.

Kwa maoni yangu umri una uzito mkubwa, kwa kuwa vali za tishu, yaani zinazotengenezwa kwa tishu za wanyama, huchakaa, na mgonjwa mwenye umri mdogo huenda akahitaji nyingine. Isitoshe, vijana wetu wengi walioharibiwa vali ya maitro, ambayo ni vali nyingine ya moyo, na homa ya baridi yabisi hawakuwa walengwa wa utafiti huo. Shangazi, mwenye miaka 76, kwanza atapigwa picha ya CT ili upana wa mishipa yake upimwe, ionekane kama katheta itapita.