Neno moja lililotushinda Katuba

Kila Jumapili jioni watu tisa tunakutana katika lupango, yaani ua wa nyumba, ya rafiki mmoja huko Katuba, hapa Lubumbashi, kusoma falsafa. Kwa sasa tunasoma La philosophie bantoue cha padri Mfransisko Placide Tempels, kilichochapwa katika mji huu huu mwaka 1945, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville. Tunakisoma kwa Kifaransa, katika nakala za fotokopi zilizofifia pembeni, lakini tunakijadili kwa Kiswahili, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Tempels anadai kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa na nguvu, na kwamba hiyo "force vitale" huongezeka au hupungua kadiri watu na vitu vinavyomgusa mtu. Jumapili iliyopita maneno hayo mawili yalituchukua saa mbili. Mwanafunzi mmoja alitafsiri "nguvu ya uhai". Mama mmoja mjane, muuza samaki wakavu, akaweka karatasi zake magotini na kusema: "Baba watoto alilala miaka miwili. Kikombe cha maji hakuweza kukiinua, lakini hakuna mahari iliyopokelewa katika ukoo wetu bila yeye kuulizwa. Huyo padri angesema nguvu yake ilipungua?"

Tulinyamaza. Kisha baba mmoja, mstaafu wa migodini, akasema kwamba basi neno si nguvu bali ni uzima, kwa kuwa mtu mzima si mwenye afya tu, ni mwenye kauli mbele ya wenzake. Wazazi wake walikuwa katika Jamaa, kundi la Wakristo ambalo Tempels alilianzisha upande wa Kolwezi katika miaka ya 1950, na naelewa kwa nini anamtetea. Mama akamjibu kwa upole: "Baba, mgonjwa tunamtakia uzima. Tungemtakiaje kitu ambacho tayari anacho?"

Mimi niko upande wa mama. Mwanafalsafa wa Benin, Paulin Hountondji, alimlaumu Tempels kwa kuwabebesha watu wote wazo moja, tena katika kitabu kilichoandikiwa Wazungu. Nilikuwa nimeisoma lawama hiyo mara nyingi, lakini sikuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu aliyemwuguza mumewe.

Katika daftari letu, mbele ya "force vitale", pana mstari mtupu, na tumekubaliana kutofungua sura inayofuata kabla haujajazwa.