Siku moja Tandale na ubao wa kupimia watoto

Saa 11 alfajiri. Kazi yangu ni kupima watoto nyumba kwa nyumba kujua hali ya lishe yao, na kabla ya chai naufuta ubao. Ni mbao nzito ya kupimia urefu, ina kitako cha kichwa upande mmoja na kibao cha kusogeza upande wa miguuni. Mchanga kidogo tu ukiingia kwenye njia yake, kibao kinakwama kabla hakijagusa nyayo za mtoto. Konda wa daladala ameshanizoea, ubao tunauweka nyuma ya kiti cha dereva.

Saa 12 na nusu. Nashuka karibu na soko la Tandale, Dar es Salaam. Magunia ya mchele, mahindi na maharage yanashushwa kwenye malori. Napita hapa kila siku na kila siku linaniuma, maana uchochoro wa pili tu kutoka sokoni kuna watoto wanaoshinda na uji wa sembe mtupu.

Saa 1. Ofisi ya serikali ya mtaa. Tunahakiki vifaa: bomba la sentimita 110 juu ya ubao, jiwe la kilo 5 juu ya mizani. Mjumbe ameshafika, tunaondoka naye. Huku mjini ukichelewa humkuti mama. Ameenda kufua nguo za watu, yuko gengeni au kiwandani, na mtoto kaachwa kwa dada yake wa miaka tisa.

Saa 3. Chumba kimoja, mlango unatazama mtaro. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, karibuni." Bibi anamwinua mjukuu wake juu juu. "Huyu wangu mzima, tazameni mashavu!"

Naanza na utepe wa rangi wa kupimia mzunguko wa mkono, unaoonyesha kama mtoto amekonda. Mkono wa kushoto, natafuta ncha ya bega na ncha ya kiwiko, naweka alama katikati, mkono naulegeza, nazungusha utepe bila kubana. Sentimita 13.8, kijani, yaani salama. Bibi anatabasamu.

Kisha umri. "Mwaka na nusu hivi," anasema. Kadi ya kliniki ililoa mafuriko yalipoingia ndani. Hapo ndipo kazi inapoharibika kama una haraka. Natoa kalenda ya matukio, namuuliza taratibu: alizaliwa mvua zinanyesha au jua kali? Kabla ya Ramadhani au baada? Bibi anafikiri, halafu anapiga goti lake. Mama yake mtoto alijifungua siku tatu kabla ya Idi, futari iko jikoni. Idi ipi? Si ya mwaka jana, ya mwaka juzi. Kumbe mtoto ana miezi 22.

Chini ya miaka miwili tunapima akiwa amelala. Mwenzangu anapiga magoti kichwani, anashika masikio kwa viganja, macho ya mtoto yatazame juu wima. Mimi nakandamiza magoti kwa mkono mmoja, mwingine unasogeza kibao mpaka nyayo zote mbili ziguse. Analia, anapiga teke. Tunasubiri atulie, tunarudia. Sentimita 78.4, na mara ya pili 78.4.

Angekuwa na mwaka na nusu, urefu huo ungekuwa ndani ya viwango vya Shirika la Afya Duniani. Kwa mvulana wa miezi 22, mpaka wa udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, ni 80.2. Mashavu yamejaa, utepe kijani, na mtoto amedumaa. Ndiyo maana siwezi kukubali mtu aniambie kwamba utepe peke yake unatosha.

Saa 6 mchana. Binti wa miezi minane, utepe unasoma 11.3. Nyekundu, maana chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Nabonyeza miguu yote miwili kwa vidole gumba, sekunde tatu, haibonyei, hakuna uvimbe. Mama anauza mihogo ya kukaanga. "Dada, nikikaa kituoni leo, kesho tunakula nini?" Sina jibu la kumpa. Naandika rufaa, mwenzangu anamsindikiza. Wiki iliyopita kituo kimoja kilimrudisha mama mwingine, chakula dawa, kile cha kutibu utapiamlo mkali, kimeisha, kwa hiyo safari hii nimepiga simu kwanza. Kipo.

Saa 8. Wali maharage chini ya mwembe. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 mwaka 2015–16. Mjini ni nafuu kuliko vijijini, ndivyo inavyosemwa. Lakini Masaki ya wenye nazo na Tandale yetu zote ziko manispaa ya Kinondoni, na wastani unawaweka watoto wao kwenye sahani moja.

Mchana uliobaki, nyumba sita. Mbili wamehama.

Saa 12 na nusu jioni. Narudi kwa bibi kwa sababu mama mtu amesharudi. Ni mama lishe, kutwa anapikia watu samaki na maharage. Namwonyesha mstari wa ukuaji kwenye kishikwambi, tunaongea: dagaa waliosagwa kwenye uji, yai anapopata, maji yachemshwe, maana kuhara kwa mwezi uliopita nako kumemrudisha nyuma. Hajibu. Anamtazama mtoto aliyelala.

"Niambie tena namba yake."

Namwambia. Anaokota kipande cha mkaa jikoni, anafunga mlango, na nyuma ya mlango anaandika 78.4.